Kisanduku cha Biblia ndani ya tuktuk: miezi kumi na minne ya kukitumia

Niseme bei kwanza, maana najua wengi mnasoma mkitafuta hiyo tu. Niliambiwa 3,500, nikatoa 2,800. Duka ni moja ya yale ya vitabu vya dini huku mjini Mombasa, yanayouza pia kola za makasisi, mishumaa na kalenda za ukutani. Silitaji jina, kwa sababu nina neno nao huko mbele.

Chenyewe ni kisanduku cheusi cha plastiki, ukubwa wa robo mche wa sabuni. Mbele kina spika moja na kijidirisha cha tarakimu nyekundu. Juu vitufe vitano: kuwasha, kitabu, sura mbele, sura nyuma, na sauti. Mgongoni kuna sola isiyofika kiganja. Ubavuni tundu la chaji na tundu la kadi ya memori, na ndani ya hiyo kadi mna Biblia nzima ya Kiswahili inayosomwa kwa sauti, vitabu 66, sura 1,189, zaidi ya saa sabini za kusikiliza. Hakina redio. Hakina nyimbo. Muuzaji aliniomba radhi kwa hilo, akanitolea kingine cha 4,500 chenye mambo yote, mpaka tochi. Nikamwambia, ndugu yangu, hizo zisizokuwamo ndizo ninazolipia.

Sababu ni simu. Biblia ninayo kwenye simu miaka, tena ya bure, na siisemi vibaya, kosa ni langu. Naegesha tuktuk Kongowea saa kumi na moja alfajiri, wakati malori ya viazi na nyanya yanashusha na akina mama wachuuzi bado wanapatana bei. Kabla ya abiria wa kwanza huwa nina dakika ishirini hivi za kukaa. Nafungua Zaburi ya 1, ile ya heri mtu yule asiyeketi barazani pa wenye mizaha. Simu inalia ting. Kundi la madereva: kanjo wamesimama Kengeleni. Najibu. Ting, mtu katuma video. Naangalia. Zaburi ya 1 ina mistari sita tu jamani, sita, na mara nyingi nilifika wa tatu nikajikuta naangalia Arsenal wanalipa ngapi wakishinda ugenini. Kukaa kwenye steji ya tuktuk tayari ni kukaa barazani pa wenye mizaha, sasa na baraza nyingine mfukoni?

Kila siku nakatiza Kengeleni. Wageni hudhani ni jina tu, lakini kengele yenyewe ipo, ya Frere Town, walikowekwa watu waliokombolewa utumwani miaka ya 1870. Ilikuwa ikigongwa kuwaonya wenyeji kwamba wateka watumwa wanakuja. Kengele ile ilikuwa na kazi maalumu, na ikilia hukuuliza leo inasema nini. Simu yangu inalia kwa ajili ya kila mtu, kwa hiyo hainionyi chochote. Nilitaka kitu cha aina ya kengele ile.

Basi, kinafanyaje kazi?

Sauti ni safi ukiwa umeegesha. Ukitembea, injini inakula nusu yake, na kwenye daraja la Nyali upepo unakula nusu iliyobaki, usijisumbue. Nimekifunga kwenye dashibodi kwa ukanda wa mpira wa tyubu, hakijawahi kuanguka hata kwenye yale mashimo ya kuelekea Mlaleo. Maboksi yanasema chaji hukaa saa kumi na mbili. Mimi napata saba, nane nikiwa mpole na sauti. Hiyo sola isikudanganye: jua la mchana kutwa linakupa kama saa mbili za kusikiliza, na jua hilohilo la Januari limeipinda plastiki upande wa juu mpaka kitufe cha sauti sasa kinazama na kubaki huko. Kwa hiyo ukitaka kukichaji kwa jua, kitoe dashibodini, kiweke mahali pa upepo.

Na chumvi. Anayeishi pwani anajua, hewa yetu hula kila kitu, mabati, misumari, redio. Mwezi wa tano tundu la chaji lilianza kutoa kutu ya kijani. Fundi simu wa pale sokoni alilisafisha kwa spiriti na mswaki wa meno, 150, hadi leo linashika. Nimeliziba kwa kipande cha sponji. Wangetia kifuniko cha mpira kiwandani wangenipunguzia safari.

Sasa lile neno langu na duka. Kisanduku nilichochukua mwanzo kilikufa siku ya tisa. Kilinyamaza katikati ya Kutoka, Waisraeli wakiwa bado hawajavuka bahari. Waranti imeandikwa miezi sita. Nilipokirudisha, nikaambiwa meneja hayupo, njoo Ijumaa. Ijumaa nikaambiwa kimeingia maji. Maji gani, na mimi sijaoga nacho? Nilikalishwa kwenye benchi chini ya kalenda yenye andiko kuhusu uvumilivu, na nikajua kwamba ama niondoke ama nitatenda dhambi. Safari ya tatu ndiyo nikapewa kingine, bila samahani wala pole. Hicho cha pili ndicho hiki ninachokieleza. Ukiuza Neno la Mungu, waranti yako nayo iwe neno.

Kuna kasoro nyingine ambayo haimo kwenye kisanduku, na hii nimeihifadhi kwa sababu hakuna muuzaji atakayekwambia. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakiwasha asubuhi na kukizima usiku. Abiria anaingia, anashuka, kinasoma. Nabadilisha tairi, kinasoma. Nikajiona mtakatifu wa barabara ya Kisauni. Jioni moja mke wangu akaniuliza, baba nanii, leo umesikia nini? Nilikuwa nimemaliza kitabu cha Hesabu, sura zote 36. Nikafikiri. Nikafikiri tena. Nilichoweza kumtajia ni punda wa Balaamu tu, na huyo nilimjua tangu shule ya Jumapili.

Madereva wenzangu mtacheka, kwa sababu sisi hesabu tunaijua ni ipi. Mwenye tuktuk anataka 1,200 kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Musa kwenye sura ya kwanza anahesabu wanaume 603,550 wa kwenda vitani, sauti imejaa tuktuk nzima, na mimi kichwani nahesabu nimefika mia saba, bado mia tano, na petroli. Kwa hiyo tulikuwa wawili ndani ya chombo kimoja, kila mmoja na hesabu yake, na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Tangu hapo nimebadilisha. Sura moja alfajiri, injini imezimwa, mara mbili. Mara ya kwanza nasikia habari, mara ya pili nasikia kama kuna ninaloambiwa mimi. Halafu nakizima kabisa na kutia kitambaa juu. Siku yenye Zaburi ya 119 na mistari yake 176 naikata vipande, siku yenye Zaburi ya 117 yenye mistari miwili hata kukohoa hujamaliza. Kwa matumizi haya chaji moja inanifikisha wiki mbili na zaidi, jambo ambalo boksi halikusema, na lingeuza kuliko saa zao kumi na mbili.

Mke wangu akaongeza la kwake. Nina daftari la shule, la kurasa 48, ninaloandikia petroli, hesabu ya mwenye tuktuk, na baki. Akasema chini ya baki andika shukrani moja kila usiku, lakini akaweka sheria: si uzima, si afya, si pumzi, hizo tunazitaja kanisani kwa mazoea. Iwe ya leo, ambayo jana haikuwepo. Nilidhani ni mchezo. Usiku wa kwanza nilikaa na kalamu muda mrefu kuliko ninaokaa nikipiga hesabu. Nikaandika: "Tairi limepasukia mlangoni kwa fundi." Kesho yake: "Mzee wa Bombolulu kanilipa deni nililokwisha lisahau." Wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja, tena Msamaria, hiyo iko Luka 17. Nimewahi kuwahukumu wale tisa vikali. Nikipekua daftari naona usiku mwingi mstari wa shukrani mtupu, petroli imeandikwa mpaka senti.

Turudi kwenye bidhaa. Jambo la kuuliza kabla hujatoa pesa, na mimi sikuuliza: ndani ya kadi kuna tafsiri gani? Boksi limeandikwa "Biblia ya Kiswahili" tu. Yangu ni Habari Njema, ile waliyoifanya Waprotestanti na Wakatoliki pamoja kwa Kiswahili chepesi. Mimi nimekulia kwenye Union, ile tafsiri ya zamani ya 1952. Ya kwanza inasema Yosefu, ya pili Yusufu. Union inasema Bwana pale ambapo Habari Njema inasema Mwenyezi-Mungu. Mwanzoni yalinikwaruza masikio.

Halafu ikatokea hii. Tangu mwezi ule wa kwanza upite, abiria akiingia nazima. Mombasa hii si yangu peke yangu, na aliyelipa hamsini yake hakulipia mahubiri. Adhana ikisikika pia nazima, hata kama niko peke yangu, ndivyo tulivyolelewa. Asubuhi moja nikasahau. Akaingia mama mmoja wa makamo, buibui, kikapu cha samaki miguuni, anaenda Mlaleo. Kisanduku kiko Mwanzo 39, kinasema Mwenyezi-Mungu alikuwa pamoja na Yosefu.

"Mwanangu, hii redio gani?"

"Ni Biblia, mama. Niwie radhi, nazima."

"Usizime. Huyo Yosefu ndiye Nabii Yusuf?"

"Ndiye."

"Basi acha nisikie kwenu yamekuwaje."

Akasikiliza mpaka mke wa Potifa anamvuta kijana nguo na kijana anaiacha mikononi mwake na kukimbia. Akafyonza. "Kwetu kanzu ilichanika nyuma," akasema, "ndio ukawa ushahidi wake." Tukabishana kidogo, kwa heri tu, na kwenye kubishana nikagundua kwamba yeye anakijua kisa chake kuliko mimi ninavyokijua changu. Alikuwa na nukta, nani alisema nini, nguo ikashikwa wapi. Mimi nilikuwa na punda wa Balaamu. Siku hizi akiniona Kongowea ananiita dereva wa Yusufu, na jina la Mwenyezi-Mungu halinikwaruzi tena. Bila jina hilo asingeuliza.

Lakini mama yangu hakukubali. Yeye yuko Rabai, ana mtoto wa jicho, moja limepasuliwa, la pili bado, na maandishi ya Biblia yake hayaoni tena. Nilimnunulia kisanduku chake Desemba, nikapanda matatu mpaka Mazeras, bodaboda mpaka nyumbani. Nikamwekea Zaburi ya 23, nikidhani nitaona machozi.

"Bwana ameenda wapi?" akauliza.

"Mama, Mwenyezi-Mungu ndiye Bwana."

"Najua ndiye. Nauliza ameenda wapi."

Mtu aliyeikariri zaburi kwa miaka zaidi ya hamsini huwezi kumbadilishia neno la kwanza. Nikarudi dukani (benchi lilelile, kalenda mpya) wakanitilia Union kwenye kadi kwa 300. Kumbe wanazo zote mbili, ni kuuliza tu. Niwape haki yao: hilo walilifanya kwa dakika kumi na kijana alikuwa mstaarabu.

Sisi Warabai tuna majivuno kidogo kwenye mambo haya, mtusamehe. Wamisionari Krapf na Rebmann walianza kituo chao kwetu 1846, na kanisa la zamani bado liko. Mama husimulia habari za Rebmann kana kwamba alikuwa jirani. Huyo ndiye aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, akaandika, na wasomi wa Ulaya wakamcheka, theluji gani huko kwenye jua. Alikaa kwetu mpaka 1875, akaondoka karibu kipofu. Mama alishika kisanduku mkononi akasema, masikini, angekuwa na hiki. Nikamwambia hata angekuwa nacho kisingekuwa na cha kumsomea, Biblia nzima ya Kiswahili imetoka 1891, mzee amelala kaburini miaka kumi na mitano. Akanyamaza kidogo. "Basi alikuwa anafanya kazi ya nini?" Nikasema, ya hiyo kadi, mama.

Malalamiko yake, nayaandika kama alivyoyatoa kwa simu, kwa kuwa yeye anakitumia kuliko mimi. Msomaji anasoma kama mtu wa taarifa ya habari. Maombolezo na Mithali kwake ni mamoja, hana huzuni wala hana utani. Hapumui mwisho wa mstari. Kwa hiyo yeye humsimamisha, aurudie mstari kwa sauti yake mwenyewe, ndipo amruhusu aendelee, na hapo ndipo kitufe cha kuwasha kinapochakaa. Tarakimu nyekundu ni ndogo mno kwa mtu wa macho mabovu, ambaye ndiye mnunuzi wao mkubwa, hebu fikiri. Nimemgundishia punje ya mchele kwenye kitufe cha kitabu na punje mbili kwenye cha sura mbele, anapapasa anajua. Wenye kiwanda mkisoma, wazo hilo ni bure.

Wasikilizaji wake si yeye tu. Siku moja alimsimamisha Daudi katikati, jiwe limo kwenye kombeo, Goliathi yuaja. Sauti ikatoka juu mnazini, mgema kasimama kugema: "Mama, ndo ikawaje?" Mama akamjibu aje kanisani Jumapili atajua. Hakuja, lakini siku hizi saa anayopanda huo mnazi imesogea, inakutana na saa ya mama ya kusoma. Nisimsifu sana, mgema akisifiwa mnajua anavyolifanya tembo.

Nyota? Kisanduku tatu na nusu. Nusu nimeitoa kwa chumvi, moja kwa plastiki. Duka mbili, na moja kati ya hizo ni ya yule kijana wa kadi. Kama una nidhamu ya kuzima simu na kufungua kitabu cha karatasi, usinunue, huna haja nacho. Kama una mzazi asiyeona vizuri, nunua leo, lakini sikiliza Zaburi ya 23 dukani kabla hujalipa, na uulize Bwana yuko wapi.

Cha mama bado kizima. Changu tangu wiki iliyopita kitufe cha sura nyuma kimekufa, hakirudi hata ukikibonyeza na ncha ya ufunguo. Nikipitisha sura bila kusikia, itanibidi nizunguke Biblia nzima mpaka Ufunuo ndipo niifikie tena. Fundi anataka 400, na leo sijafika hata nusu ya hesabu. Niko Hesabu, sura ya 11. Wanalilia samaki wa Misri.